Mti Ulioacha Kunenepa: Kisa cha Ekari Mbili za Misindano Njombe

"Bwana Misitu, miti yangu imedumaa. Nataka kuiuza kabla haijanifia."

Hayo aliniambia mama mmoja Agosti 2017, baada ya salamu ya kamwene na habari za nyumbani, akiwa amesimama mlangoni kwangu na blanketi begani kwa baridi ya asubuhi. Ulikuwa mwaka wangu wa pili tangu nistaafu. Sikuwa tena na ofisi wala nyundo ya serikali ya kugonga magogo. Nilikuwa mzee wa kijiji anayejitolea kwenye kamati ya mazingira, ila watu walikuwa bado wananiita kwa jina la kazi. Mnunuzi alikuwa ameshaiona miti yake, ameshataja bei, na ding'dong, mashine ndogo ya kuhamishika ya kupasulia mbao, ingeweza kuingia shambani wiki ileile. Alichotaka kwangu ni neno moja: bei ile ni ya haki, au anaibiwa?

Nilimwomba anipe siku mbili. Kisa hiki ni cha siku hizo mbili na miaka sita iliyofuata. Nakiandika kwa kirefu kwa sababu nimekiona kikijirudia katika mashamba mengi ya wakulima wa miti wa Nyanda za Juu Kusini, na mara nyingi kinaishia kwa shamba zima kufyekwa likiwa na miaka minane au tisa.

Shamba lenyewe

Ni ekari mbili za mteremko, zote misindano aina ya Pinus patula, mti wenye asili ya Meksiko ambao umeipenda sana baridi ya Njombe. Ilipandwa kwa mvua za mwisho wa 2008, mume wake akiwa hai. Aliipanda mita 2 kwa 2, yaani miche karibu 1,000 kwa ekari, kama wengi walivyofanya wakati ule. Ukiacha nafasi ya mita 3 kwa 3, ekari inachukua miche 450 tu, na kwa mtu aliyezoea kulima viazi ile nafasi inayobaki inaonekana ni ardhi iliyotupwa. Mume alifariki 2012 na kuzikwa kona ya juu ya shamba hilohilo. Tangu hapo miti ilipogolewa mara moja. Kupunguzwa haikupunguzwa hata mara moja.

Upande wa chini shamba linaishia bondeni, kwenye chemchemi wanayochota maji watu wa kaya kadhaa na inayonywesha vinyungu vyao, yaani bustani za bondeni za kiangazi. Hapo palikuwa na mistari mitano ya mikaratusi, mingine mita 15 tu kutoka maji yanapotokea. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kuzunguka chanzo cha maji, na kamati yetu ilikuwa imemwandikia mara mbili. Hakujibu. Kwa hiyo mama aliyekuja kuniomba ushauri wa kuuza ndiye yuleyule ambaye mimi, kwa kofia yangu ya kujitolea, nilikuwa nimetia sahihi barua ya kumtaka aiondoe miti yake. Siku ile ya kwanza hakuna aliyelitaja jambo hilo.

Shina la haraka yake lilikuwa binti. Alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi, na ada pamoja na malazi ya mwaka wa kwanza ilikuwa shilingi 1,800,000, zinazotakiwa kabla ya Oktoba. Mtu anayetaka kumshauri mkulima wa miti aanze hapa, kwenye tarehe na kiasi cha fedha. Nilitumikia mashamba ya miti ya serikali kwa miaka mingi, sehemu kubwa nikiwa Sao Hill kule Mufindi, na kule sikuwahi kuuliza mti unasubiriwa na ada ya nani. Tulikuwa na ratiba: mwaka fulani kupogolea, mwaka fulani kupunguza, mwaka wa 25 kuvuna. Ratiba ile ilikuwa sahihi kwa mti. Kwa mama huyu ingekuwa sahihi nusu tu.

Kamba, futi na kisiki

Nilikwenda na kamba ya katani yenye urefu wa mita 5.64, futi ya fundi cherehani na daftari. Urefu huo wa kamba una sababu yake. Ukiishika ncha moja ukazunguka, duara unalopata lina mita za mraba 100. Ekari ina mita za mraba 4,047, kwa hiyo ukihesabu miti iliyo ndani ya duara ukazidisha kwa 40, umepata miti ya ekari nzima kwa makadirio mazuri. Nilipima maduara sita kwa kutembea hatua zilezile 30 kila mara bila kuchagua, maana mtu akiachiwa kuchagua atasimama tu pale miti inapopendeza. Wastani ulikuwa miti 21 kwa duara, sawa na kama 850 kwa ekari.

Futi ya fundi cherehani unaizungusha kwenye mti kwa kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, kisha unagawa kwa 3.14. Mingi ilisoma kati ya sentimita 41 na 50. Hiyo ni kipenyo cha sentimita 13 hadi 16. Wastani ulikuwa 14.

Mti mmoja ulikuwa umekatwa wiki chache nyuma kwa ajili ya boriti ya jiko. Niliupima ukiwa umelala: mita 13. Halafu nikapiga magoti kwenye kisiki chake. Nilikipara kwa kisu mpaka kikalainika, nikakimwagia maji, nikamwita mama aje tuangalie pamoja.

Msindano wa huku una masika moja na kiangazi kimoja, kwa hiyo kila mwaka unaacha pete moja inayosomeka. Pete ya pili hadi ya tano zilikuwa pana, kila moja inazidi sentimita moja. Ya sita ilipungua. Tatu za nje zilikuwa zimebanana kiasi kwamba nilizifunika zote pamoja kwa ukucha wa kidole gumba. Mama alihesabu mwenyewe kutoka katikati, akaweka kidole kwenye ya nne. "Huu ndio mwaka aliofariki mzee," alisema. Ilikuwa pete pana kuliko zote. Akasogeza kidole nje taratibu, akafika pale zinapobana, akanyanyua kichwa kutazama juu.

Juu matawi yalikuwa yameshikana kote, mbingu huioni. Chini yake mita nane za shina zilikuwa na matawi makavu, na kijani kimebaki mita tano za kileleni. Hapo nilimweleza ninavyoelewa mimi mti unavyogawa chakula chake. Kwanza unalisha majani na mizizi, kisha unarefuka kuufuata mwanga, na unene unapata kilichobaki. Ukiuweka kwenye msongamano, haukomi kurefuka, kwa sababu anayechelewa kurefuka anafunikwa na kufa. Unachoacha ni kunenepa. Na mkulima anaangalia unene. Anaona miaka mitatu shina liko vilevile, anasema mti umefika mwisho.

"Kumbe haujazeeka," alisema. "Umebanwa."

Kwangu mimi kisa kizima kilikuwa pale. Wengi tunaolaumu wakulima kwa kukata miti michanga tunasema wana haraka, wana njaa, hawajui faida ya kusubiri. Wapo wa hivyo. Lakini wengi wanauza kwa sababu wamesubiri miaka mitatu bila kuona faida yoyote, na macho yao hayajawadanganya. Shamba kweli limesimama. Ukimwambia mtu huyo asubiri miaka tisa mingine bila kumwambia apunguze miti, unamwambia asubiri bure, na ana haki ya kutokukusikiliza.

Bei ya mnunuzi

Nirudi kwenye swali lake. Mnunuzi hakuwa mwizi. Bei yake ilikuwa ya haki kwa miti ya siku ile, na nilimwambia hivyo mama bila kupinda maneno. Kwa mti wa sentimita 14 kifuani, gogo la kwanza la futi 12 linabaki na sentimita 12 hivi kwenye ncha nyembamba. Hapo unapata mbao moja ya 2x4 (inchi mbili kwa nne) na mabanzi. Mnunuzi analipa vibarua, mafuta ya mashine, ushuru, hati ya kusafirishia na lori, yote kwa ajili ya mbao moja, na hiyo nayo imetoka kwenye kiini. Miaka ya mwanzo ya msindano inatoa mbao laini, nyepesi, inayojisokota ikikauka na kuachia msumari. Mafundi wa paa wanazijua, na sokoni zinakwenda kwa bei ya chini.

Hesabu inabadilika kipenyo kikiongezeka, na hili nililichora chini kwa kijiti. Chukua gogo la sentimita 15 kwenye ncha nyembamba. Ukitoa na unene wa msumeno, ndani yake zinalala mbao mbili za 2x4. Chukua la sentimita 30. Watu wengi wakiulizwa wanajibu nne, kwa kuwa gogo ni mara mbili. Zinalala nane: safu mbili za nne nne, na kwenye mabanzi unaweza bado kuokota 1x4 nne. Kipenyo kikiwa mara mbili, uso wa gogo unakuwa mara nne. Na mti mnene una magogo matatu au manne yanayofaa mashine, wakati ule wa sentimita 14 una moja tu.

Kitu kinachofika mara nne kwa miaka tisa kimekua kwa karibu asilimia 17 kila mwaka. Mama hana mahali pengine pa kuweka akiba yake ikakua hivyo. Lakini ningekuwa mwongo kama ningeishia hapo. Akiba hiyo imesimama porini kati ya Agosti na Novemba, majani yamekauka, na moto wa mtu anayeandaa shamba lake unaweza kuimaliza mchana mmoja. Kila mwaka wa kusubiri ni kiangazi kimoja zaidi cha hatari. Mkulima anapouza mapema ananunua pia usingizi. Nimewasikia wataalamu wenzangu wakiupiga chini uoga huo kana kwamba ni ujinga. Mimi nimezima mioto ya mashamba makubwa yenye minara ya ulinzi, magari na watu wa zamu, na bado tulipoteza miti. Mama alikuwa na jembe, na binti anayekwenda chuo.

Tulichokubaliana

Shauri langu lilikuwa asiuze shamba. Auze miti 300 kwa kila ekari, ile myembamba, iliyopinda na yenye vilele viwili, kama mirunda, yaani nguzo nyembamba za ujenzi. Zibaki kama 550 kwa ekari, na baada ya miaka mitatu tupunguze tena zibaki 300. Kupunguza mara moja mpaka 300 kungekuwa hatari. Mti wa mita 13 wenye sentimita 14 ni kama fimbo ya kuchungia iliyochomekwa ardhini. Umesimama kwa sababu umeegemezwa na wenzake, na ukiwaondoa wote kwa mpigo, upepo unaulaza.

Je, ilikuwa imechelewa mno? Kipimo changu ni kijani kinachobaki. Mti ambao chini ya theluthi moja ya urefu wake ndiyo yenye majani hai huwa hauna mtaji wa kurudi nao hata ukiupa nafasi. Miti ya mama ilikuwa na mita tano kati ya 13, zaidi kidogo ya theluthi. Angesubiri miaka miwili mingine, ningemwambia auze yote apande upya.

Mirunda ya misindano peke yake isingefika 1,800,000. Hapo ndipo ilibidi tuseme yale ya bondeni. Nilimwambia wazi kwamba mimi ni mmoja wa walioandika zile barua. Alikaa kimya, akaingia ndani, akarudi nazo zote mbili. Hazikuwa zimefunguliwa. Alidhani ni faini, na hakuwa na fedha ya faini, basi akaziweka kabatini.

Nimekaa na jambo hilo muda mrefu kuliko hesabu zote za mbao. Tulikuwa watu saba wa kujitolea, wote tunaoipenda ile chemchemi, tukakaa vikao viwili kujadili "mwananchi mkaidi" anayeishi mwendo wa dakika 20 kutoka pale tulipokaa. Hakuna hata mmoja wetu aliyetembea kwenda kwake. Baada ya hapo kamati iliacha kuandika barua. Wawili wanakwenda kwa miguu, wanasalimia, wanakaa, wanaanza na mengine kwanza.

Mikaratusi ilikuwa ya miaka saba, imenyooka, na soko lake la mirunda ni zuri kuliko la msindano. Ikawa ndiyo sehemu ya pili ya ada. Mnunuzi yuleyule wa mbao ndiye aliyemtafutia mtu wa mirunda, na alifanya hivyo kwa moyo mzuri. Alijua akimsaidia leo, magogo manene yatakuwa yake kesho. Ada ilipatikana kabla ya Oktoba, na kikabaki kiasi cha kununua mbolea ya viazi.

Kosa langu

Septemba tulipunguza. Siku tatu za kwanza nilitembea mbele ya vijana wawili wenye panga na chensoo, natia alama ya chokaa kwenye kila mti wa kukatwa. Unatazama juu kwanza, halafu shina. Mti wenye taji zuri, yaani matawi na majani ya kileleni, na shina lililonyooka unabaki hata kama una mwenzake mzuri hatua mbili pembeni, kwa sababu unachotafuta ni nafasi kwa wale bora. Matawi tuliyakatakata na kuyatawanya katikati ya mistari. Ukiyarundika kwenye mashina, siku ya moto yanapika gome.

Siku ya nne wenzangu wa kamati walikuwa bondeni wanaanza kazi ya visiki vya mikaratusi, nami nilitaka kuwepo. Niliwaambia vijana wamalizie ukingo wa juu kwa kuondoa mmoja katika kila mitatu. Agizo hilo ni jepesi kulikumbuka, lakini ni baya. Mashamba makubwa hukata mstari mzima kwa hesabu ya namna hiyo, ila ni kwa miti michanga ambayo bado imejishikilia. Vijana walifanya kama nilivyosema, na kwa kuwa mistari ya ukingoni ni rahisi kuvuta mirunda, walichukua zaidi pale.

Januari 2018 ulikuja upepo wa usiku, udongo ukiwa umelowa wiki nzima. Asubuhi tulihesabu miti 47 iliyolala au kuvunjika, karibu yote kwenye ukingo ule wa juu. Ukingo ndio ukuta wa shamba, miti yake imezoea upepo na inawakinga walio ndani. Huwa unauacha kama ulivyo, unapunguza nyuma yake. Nalijua hilo tangu nikiwa mwanafunzi chuo cha misitu cha Olmotonyi.

Nilipokwenda kumwomba radhi, mama alikuwa ameshafika shambani. Alinitazama, akasema, "Ulituambia habari za upepo, Bwana Misitu. Hukutuambia unatokea upande gani." Sikuwa na jibu. Nililipa vibarua wa kutoa ile miti, ikauzwa kuni na mirunda, na kwenye ukingo tulipanda mstari mpya wa miche kuziba pengo. Pengo hilo linaonekana hadi leo ukisimama barabarani.

Bondeni

Watu wanadhani kuondoa mkaratusi ni kuukata. Kuukata ndiyo siku rahisi. Kisiki cha mkaratusi kinachipua, na kikichipua kinakuja na machipukizi kumi mahali pa shina moja, yenye mizizi tayari na kiu ileile. Njia tuliyotumia ni ya jasho tupu: kukata chini kabisa, kufukua udongo kuzunguka kisiki, kumenya gome mpaka chini ya usawa wa ardhi, kisha kurudi. Kwa miaka miwili tulirudi kila baada ya wiki tatu au nne, tunavunja machipukizi kwa mkono yakiwa bado laini. Msimu wa kwanza walikuja watu saba. Wa pili tulibaki wanne, mmoja wao mama mwenyewe.

Palepale tulipanda mivengi, mti wa asili wa mabonde yetu, na kuacha mingine iliyoota yenyewe. Asubuhi ya kwanza ya kazi niliweka ndoo ya lita 20 kwenye bomba la mwanzi pale maji yanapodondokea na kusoma saa. Ilijaa kwa sekunde 94. Septemba 2022, mwezi uleule wa ukavu, ilijaa kwa sekunde 61. Mvua za miaka hazilingani, kwa hiyo simpi mkaratusi lawama ya sekunde zote hizo, wala kamati sifa zake zote. Lakini mti wenye mizizi iliyozama kwenye maji unakunywa hata kiangazi, na wanaochota pale hawakuhitaji saa yangu kuona tofauti.

Vipimo vya 2023

Ili nisijidanganye, mwaka 2017 nilikuwa nimepaka rangi nyekundu miti 20 kati ya tuliyoibakiza, nipime hiyohiyo kila mwaka. Ukipima wastani wa shamba zima kabla na baada ya kupunguza, unajipa ushindi wa uongo. Ukishatoa myembamba, wastani unapanda siku ileile bila mti hata mmoja kunenepa. Nimeona taarifa za miradi zikisherehekea ongezeko la namna hiyo.

Kwenye kona ya kaburi mama hakutaka panga liguse kitu. Hatukupunguza. Nikapaka rangi miti 10 ya hapo pia, yenye unene karibu sawa na ile 20.

Miti 20 iliyopewa nafasi ilianza na mzingo wa wastani wa sentimita 47. Mwaka 2023, baada ya punguzo la pili la 2020, ilikuwa 66, yaani kipenyo cha sentimita 21. Miti 10 ya kaburini ilianza na 46 ikafika 52. Miwili kati yake ilikuwa imekauka imesimama. Ulinganisho huo si wa haki kabisa, kwa sababu ile 20 tuliichagua kwa ubora wa taji. Hata hivyo mtu aliyesimama kwenye kona ile, mkono mmoja kwenye mti wa rangi nyekundu wa upande huu na mwingine kwenye wa upande ule, hahitaji kuelezwa.

Mwaka wa kwanza, 2018, ndio ulitutia hofu. Mti uliobanwa ukipewa nafasi haunenepi papo hapo, kwanza unajenga majani na mizizi. Futi ilisoma karibu vilevile Septemba ya kwanza, na mama alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda. Nilimwonyesha matawi ya chini yaliyokuwa hai bado, badala ya kukauka kama zamani. Mwaka uliofuata ndipo unene ulipoanza kuja.

Punguzo la 2020 lilimpa fedha ya mwaka wa mwisho wa chuo. Safari hiyo niliweka alama ya chokaa kwenye kila mti mwenyewe, na ukingo haukuguswa. Miti 300 bora ya kila ekari tuliipogolea juu zaidi, maana msindano hauangushi matawi yake makavu, na tawi kavu likimezwa na shina linaacha fundo linalong'oka mbao ikipasuliwa. Njia ya kuzuia moto inalimwa kila Julai kuzunguka shamba lote. Majirani wawili wamekubali kulima ya kwao siku hiyohiyo, ili ziungane. Kwa shamba dogo hiyo ndiyo bima iliyopo. Haitoshi, na kiangazi cha 2021 moto ulifika hatua 40 kutoka mpakani kabla watu hawajaupiga kwa matawi.

Mnunuzi alirudi mwaka jana. Alizunguka shamba, akapiga mashina kwa kiganja, akataja bei ya mti mmoja badala ya bei ya shamba. Mama alimsikiliza, akamwambia bado. Anataka ifike miaka 18, na miti ya kona ya kaburi haiuzwi kabisa. Mimi ningependa aende 20. Tumekubaliana tuamue kwa futi kila Agosti: pete zikianza kubana tena, tunauza. Mwaka huu hakuniita. Alipima mwenyewe na binti yake aliyekuja likizo, akanitumia namba kwa simu, miti 20 yote, kwa mpangilio wa daftari langu. Kamba ya mita 5.64 ameiomba ibaki kwake, kwa kuwa jirani yake mwenye ekari tatu za miaka sita amemwambia miti yake nayo imeanza kudumaa.